Kidole Kwanza, Kisha Mkono: Nesi Romana Anapoiaga Zahanati ya Nandunda

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Muuguzi Mkunga Romana Klementi alivua koti lake jeupe katika Zahanati ya Nandunda baada ya kulitumikia taifa kwa miaka thelathini na sita kasoro siku tatu. Siku hizo tatu zinamkera mpaka leo. Alimwomba Ofisa Utumishi amwache afanye kazi hadi Alhamisi ili hesabu ikae sawa, akajibiwa kwamba sheria ya kustaafu haina habari na hesabu za watu wa milimani.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu mliogawiwa hapa ukumbini kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja kwa miaka kumi na moja, na kwa sababu, kama alivyosema Mganga Mfawidhi wetu, mimi ndiye mwenye maneno mengi. Naitwa Zuhura Yunusu, muuguzi, mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Bi. Romana ni Mkatoliki wa bara, msema machache, mnywa chai bila sukari. Tulipopangwa pamoja mwaka 2014 nadhani kila mmoja alimhurumia mwenzake.

Alizaliwa mwaka 1965 kwenye vilima vya bara ya Kilwa, mtoto wa nne wa mkulima wa ufuta. Baada ya masomo ya uuguzi na ukunga aliajiriwa tarehe 3 Julai 1989 na kupelekwa kijiji kimoja cha pwani, njia ya kuelekea Kinjumbi. Alifika na sanduku la bati na rozari, akapata chumba katika nyumba ya Waislamu waliomchukua kama binti yao. Mwezi wa Ramadhani wa kwanza alifuturu nao siku zote thelathini bila kufunga hata moja, na familia ile mpaka leo humkumbusha kwamba ana deni.

Huko ndiko alikokutana na adui yake wa maisha. Masika ya mwaka 1990 aliletewa vichanga viwili, kimoja baada ya kingine. Wote walizaliwa wazima na kunyonya vizuri siku tano. Siku ya sita walikataa ziwa, taya limekaza, mgongo umepinda, hata mlango ukifunguliwa mwili unashtuka. Nyumbani walisema ni degedege, wakawafukiza. Kumbe ni pepopunda, iliyoingia kwa kitovu kilichokatwa kwa kisu cha jikoni na kupakwa majivu. Hakupona hata mmoja. Bi. Romana hajawahi kutusimulia habari hiyo kwa zaidi ya sentensi nne, na hizi nilizoandika hapa ndizo hizo zake nne pamoja na za kwangu za kuziunganisha.

Kinga yake ilikuwepo, tena haikuwa ya kumchoma mtoto bali mama. Mjamzito akipata chanjo ya pepopunda, mwili wake hutengeneza kinga na kumgawia mtoto angali tumboni, naye huzaliwa akiwa nayo. Ndani ya sindano hiyo hamna kijidudu kilicho hai, kwa hiyo hamna cha kumwambukiza mama wala mtoto. Mkono utauma siku moja au mbili, pengine na joto kidogo, basi. Maneno haya Bi. Romana ameyasema mara nyingi kiasi kwamba sisi wenzake tunaweza kuyasema usingizini, na mume wangu yuko tayari kuapa kwamba nimekwisha kuyasema.

Kosa lake kubwa la kwanza lilitokana na bidii. Mwaka 1991 alitangaza kijijini kwamba kila Jumatano itakuwa kliniki ya wajawazito peke yao, na kwamba hata wenye mimba changa waje. Jumatano ya kwanza alikuja mama mmoja, mimba ya miezi tisa, naye alikuwa amekosea siku. Bi. Romana alilaumu mvua, akalaumu mashamba, kisha akalaumu wanaume. Ilimchukua miezi minne kuambiwa na mama mwenye nyumba wake jambo ambalo mtu yeyote wa huku analijua. Mimba changa haitangazwi. Unamwambia somo wako, yule aliyekufunda, naye anakaa nayo kimya mpaka itakapojisema yenyewe. Mama mkwe na majirani wataiona kwa macho yao. Ukiitaja mapema unaianika mbele ya mahasidi. Sasa mwanamke akionekana anashika njia ya zahanati siku ya Jumatano, kijiji kizima kimeshajua. Na Bi. Romana ni mtu wa Kilwa, mila hiyo aliikuta kwao milimani. Alidhani sare nyeupe imeifuta. Jumatano ilikufa, na hakuna aliyeililia.

Alipohamia Nandunda mwaka 1997 hakurudia kosa hilo. Alichanganya siku zote, wajawazito pamoja na wanaokuja kuwapima watoto uzito, asijulikane nani kaja kwa lipi. Wanawake wa Nandunda, ambao kwa akili hawajambo, wakamalizia wenyewe. Mwenye mimba changa alikwenda kwa jirani, akaazima mtoto, akambeba mgongoni mchana kweupe na kuja naye mezani kwa Nesi. Mtoto anapanda mizani, na chini ya khanga mbebaji anapata sindano yake. Ukikutana naye njiani utamwuliza mtoto kaongezeka kilo ngapi.

Aliyeazimwa kuliko wote ni Fakihi, mtoto wa Bi. Mwahija aliyekuwa akikaa nyumba ya pili kutoka zahanati. Mwezi mmoja wa mwaka 1998 alipimwa uzito mara sita, na wanawake sita. Msimamizi kutoka wilayani aliikuta kadi yake imejaa mpaka pembeni, akauliza mtoto huyu ana ugonjwa gani. Bi. Romana alimjibu kwamba hana ugonjwa, ana majirani. Leo Fakihi ni mtu mzima, anaendesha bodaboda pale Nangurukuru, na wako wanawake hapa kijijini wanaomdai usafiri wa bure kwa haki ya kumbeba.

Kuhusu jokofu la chanjo yatosha kusema kwamba hatukuruhusiwa kulifungua bila sababu ya kuandikwa. Mwezi mmoja wa Ramadhani wenye joto kali, mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Sadick, alituma chupa ya maji ipozwe humo hadi magharibi. Chupa ilirudi kwake papo hapo na moto wake wote, pamoja na karatasi yenye mwandiko mzuri inayomtakia futari njema.

Watu wengi wanadhani Bi. Romana ni mtu wa kumchoma kila anayepita. Si kweli. Ziko chanjo ambazo mjamzito hapewi, kama ile ya surua na rubela, iliyotengenezwa kwa vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Hiyo husubiri mpaka ajifungue. Aliwafundisha wanawake kuuliza: chanjo hii ni ipi, inazuia nini, inafaa kwa hali yangu? Aliwaambia wamwulize hata yeye. Wageni walikuwa wakishangaa kuona mama wa kijijini anamhoji muuguzi kama hakimu.

Sasa naingia kwenye habari ya Natalia. Nimemwomba mwenyewe ruhusa ya kuiandika, naye akasema niandike na nisipunguze.

Ilikuwa Mei 2017, mvua zinakatika na mbu wamejaa. Natalia alikuwa na miaka ishirini, mzaliwa wa Miteja, ameolewa mwaka mmoja tu na Leonard, mkulima wa hapa Nandunda. Alikuwa na mimba ya miezi minne, ya kwanza, na mwili wake mwembamba ulikuwa bado unaificha. Jumatatu moja alikuja na mtoto wa kuazima. Foleni ilikuwa ndefu. Kwa hawa wa mtoto wa kuazima tulikuwa tumejizoesha njia ya mkato: sindano haraka, kadi ibaki kabatini kwetu, vipimo vingine atakuja kufanyiwa siku nyingine, kwa sababu akikaa sana ndani watu wa foleni wataanza kuhesabu. Bi. Romana alimwuliza hali, Natalia akasema amechoka kidogo kwa ajili ya mwendo. Akachomwa, akaondoka. Alhamisi alipandwa na homa kali. Ijumaa alikimbizwa hospitalini, na huko mimba ikatoka.

Kijiji kilijua mambo mawili tu: kachomwa Jumatatu, mimba imetoka Ijumaa. Mama mkwe wake, Bibi Antonia, mwanamke anayesikilizwa kanisani na hata kwa wasio wa kanisa, alitamka kwamba sindano imemtoa mtoto. Akaongeza kwamba Natalia alikwenda kuchomwa kwa siri bila kumshirikisha mkubwa yeyote nyumbani, kwa hiyo aliyemwua mjukuu ni yeye mwenyewe. Leonard, ambaye siku zile hakuwa na neno mbele ya mama yake, alimrudisha mkewe kwao Miteja akapumzike. Mapumziko ya namna hiyo sote tunayajua. Mengi huishia kwa talaka, na kwa Mkatoliki kwa kuachwa bila hata hiyo talaka.

Kliniki ikakauka. Wiki tano hatukumwona mjamzito hata mmoja, si wa siri wala wa dhahiri. Watoto wa kuazima walipumzika majumbani kwao. Bi. Romana alifungua kila asubuhi, akafuta meza, akasoma kipimajoto cha jokofu, akakaa.

Siku chache tu baada ya Ijumaa ile, majibu ya hospitali yalitufikia. Damu ya Natalia ilikuwa na malaria, tena nyingi. Malaria ikimpata mjamzito inaweza kuitoa mimba, na hii ilikuwa mwilini tangu kabla ya Jumatatu. Mimi nilifurahi, na furaha hiyo naionea aibu hadi leo. Niliona tumepona: sindano haina kosa, karatasi tunayo, twende tukawaonyeshe. Bi. Romana aliisoma karatasi mara mbili, akakaa chini, akatoa fomu ya taarifa ya tukio baada ya chanjo. Akajaza tarehe, namba ya toleo la chanjo, joto la jokofu siku ile. Halafu, mahali pa maelezo mengine, akaandika kwa mwandiko wake ule ule mzuri: Mama huyu hakupimwa malaria siku ya chanjo. Muuguzi aliyemhudumia ni mimi.

Nilimsihi aikate sentensi hiyo. Nilimwambia, "Mama, fomu haijauliza hilo."

Hakuinua kichwa. "Natalia atauliza," akasema.

Fomu ilikwenda wilayani, na baadaye ikarudi barua ya onyo. Wengine wangeificha chini ya nguo kabatini. Yeye aliibandika ukutani juu ya meza ya vipimo vya malaria, na ipo pale mpaka leo, ingawa jua limeanza kuifuta.

Kabla ya kusema na kijiji alitaka kusema na mwenye msiba. Tulipanda bodaboda mbili hadi Miteja. Mbele ya wazazi wa Natalia, Bi. Romana alieleza kila kitu: kwamba sindano haikumdhuru mtoto, kwamba ni malaria, na kwamba malaria hiyo angeiona yeye siku ile kwa tone moja la damu ya kidole, nayo ingetibiwa. Hakulia na hakujipiga kifua. Aliomba radhi, kisha akaomba ruhusa ya kuyasema hayo mkutanoni Nandunda. Natalia alikuwa amekaa mkekani, amekonda, anafumua uzi wa pindo la khanga yake. Mwisho alisema neno moja tu.

"Waambie sikumwua mimi."

Nakiri kwamba mpaka hapo nilikuwa nimeipigania zahanati, nimeipigania chanjo, nimempigania hata Bi. Romana. Msichana yule nilikuwa nimemsahau.

Bwana Sadick aliitisha mkutano Jumapili alasiri, watu wametoka kanisani na wa msikitini wameshaswali. Walijaa. Bi. Romana alisimama na maneno yake hayakufika hata dakika kumi. Alieleza kilichomo ndani ya ile chupa ndogo na kisichokuwemo. Aliwakumbusha kwamba tangu mwaka 1999 hakuna kichanga cha Nandunda kilichokufa kwa pepopunda, na kwamba wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka ilivyokuwa kabla ya hapo. Hayo walikuwa wameshayasikia. Ndipo akasema lile ambalo mimi nilikuwa naomba asiliseme.

"Sindano haikumwua mtoto wa Natalia. Natalia hakumwua. Ni malaria, na siku ile ningeiona kama ningemchoma kidole. Sikumchoma, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumficha."

Bibi Antonia alikuwa mstari wa mbele. Aliuliza, bila kupandisha sauti, kama Nesi anataka wamsamehe au anataka waje wachomwe.

"Mje," Bi. Romana alijibu. "Kusamehe ni kazi ya Natalia, na Natalia hayupo hapa, na sababu mnaijua ninyi."

Bibi Antonia aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akaondoka. Nikajua tumekwisha. Jumanne yake, saa nne asubuhi, Leonard alipita mbele ya zahanati na pikipiki ya kuazima akielekea Miteja. Saa nane alirudi, na nyuma yake alikuwa Natalia na mfuko wake. Tulisikia baadaye kwamba Bibi Antonia ndiye aliyemwamsha mwanawe alfajiri na kumwambia kwamba mwanamume mwenye akili angekuwa ameshaondoka.

Wajawazito walirudi mmoja mmoja, taratibu, kama watu wanaojaribu maji kwa mguu. Njia ya mkato tulikuwa tumeifuta siku ile ile ya mkutano. Bi. Romana aligeuza chumba chetu: mlango wa kuingilia mbele, mwingine wa kutokea nyuma, pazia la kitenge katikati, na kila anayeingia, awe na mtoto wake au wa kuazima, anakaa muda ule ule. Mtoto wa kuazima anapimwa polepole, anachekeshwa, anapimwa tena, na nyuma ya pazia mbebaji anapimwa shinikizo la damu, wekundu wa damu na malaria. Kanuni ni moja, na wanafunzi wote waliopita hapa wameiimba: kidole kwanza, kisha mkono. Sijawahi kumwona akiiruka, hata siku za foleni ya kufika barabarani.

Agosti 2018 niliwaona wanawake wawili wanakuja kwa njia kubwa, saa tatu asubuhi, bila mtoto wa mtu. Mbele Bibi Antonia, nyuma yake Natalia, mimba ya miezi mitatu. Kijiji kizima kiliona, na ndivyo Bibi Antonia alivyotaka. Ndani alidai aonyeshwe chupa. Akasoma tarehe. Akaonyeshwa ile alama ya kwenye chupa inayobadilika rangi chanjo ikipata joto, akaiangalia kwa jicho moja kisha kwa jingine. Kidole cha Natalia kilitoka safi. Mkono ukachomwa. Natalia alifumba macho, na mkono wake wa pili ulikuwa umeshikwa na mama mkwe. Wiki nne baadaye walirudi kwa sindano ya pili, wakiwa wawili vile vile.

Mtoto alizaliwa Februari 2019, msichana, kilo tatu na kidogo, mikononi mwa Bi. Romana. Hakuitwa Romana, kama pengine mlivyotarajia. Aliitwa Veronika, jina la marehemu mama yake Bibi Antonia, na Bi. Romana alisema ndivyo inavyotakiwa. Yuko darasa la awali na ana kelele. Bibi yake, siku asizokwenda shamba, huja kukaa kwenye benchi letu. Hana cheo, hana sare, lakini kila mwanamke anayetokea mlango wa nyuma anamwuliza kama kachomwa kidole. Ambaye hakuchomwa anarudishwa ndani kwa mkono.

Mwaka 2021, chanjo ya korona ilipoingia, wajawazito walimjia Bi. Romana na swali lile lile: je, sisi? Siku ya kwanza aliwaambia hajui. Mimi niliona aibu kwa niaba ya taaluma nzima. Alipiga simu wilayani, akasubiri maelekezo, akayasoma, na yalipomruhusu aliwaambia yanasemaje na aliyetaka akachomwa. Wengi walitaka. Mmoja aliniambia kwamba alimwamini Nesi siku aliposema hajui.

Yapo mengine ya kusifu. Amefundisha wauguzi kumi na wanne, na wote wanaandika vizuri kwa kulazimishwa. Ameolewa na mwalimu mstaafu Ambrosi, wamejaliwa watoto watatu, na mwalimu anasema kwamba nyumbani pia jokofu halifunguliwi bila sababu. Hajawahi kuchelewa kazini ila mara moja, siku nyuki walipoteka choo cha watumishi, na hiyo hatuihesabu.

Nimebaki na jambo moja, nalo si la kawaida katika wasifu wa mstaafu. Aprili mwaka huu nilikuwa na mimba ya wiki kumi na nne. Sikumwambia mtu ila somo wangu na mume wangu. Nimewachoma wanawake wengi nisioweza kuwahesabu, na kila mmoja nilimweleza kwamba ni salama, na najua kwamba ni salama. Ilipofika zamu yangu nikaanza kuahirisha. Wiki hii nina kazi nyingi, wiki ijayo nina safari. Niliogopa, kama walivyoogopa wao. Siku moja mchana Bi. Romana alifunga mlango wa mbele, akaniambia nikae, wala sikumwuliza amejuaje. Nikamwambia anichome basi tumalize. Akachukua kidole. Nikacheka, nikamwambia mimi sina homa, ni uchovu wa zamu tu.

Kipimo kilionyesha mistari miwili. Nilikuwa na malaria.

Nilikunywa dawa mseto siku tatu huku akinisimamia dozi kwa dozi, tukapima tena, ndipo akanichoma mkono. Sindano ya pili alinichoma mwezi Mei. Sasa mimba yangu inaingia mwezi wa sita na mtoto anacheza, leo asubuhi zaidi ya jana. Mwili wangu ni mnene kwa asili na baibui langu ni pana, kwa hiyo wengi mlio ukumbini mnaisoma habari hii kwa mara ya kwanza, akiwemo mama mkwe wangu aliyeketi safu ya tatu kutoka mbele. Shikamoo, mama. Nilitaka uipate kutoka kwangu, kwa maandishi, mbele ya watu wote, bila mtoto wa mtu mgongoni.

Bi. Romana, wewe unarudi milimani kwenye ufuta wako na michungwa ya Mwalimu Ambrosi. Kwa niaba ya watumishi wote wa Nandunda, kwa niaba ya Natalia na Veronika, na ya wanawake waliopita nyuma ya pazia ambao hatutawataja kamwe, ninakushukuru. Mungu akupe afya, akupe mvua za wakati wake na miaka mirefu ya kukaa bila kuangalia saa. Natarajia kujifungua mwezi wa kumi. Koti umevua, najua, na sheria ni sheria, lakini siku hiyo nitakutumia Fakihi na pikipiki, na nitakuomba uje.